Picha Isiyoulizwa Habari ya Moyo

Dilala, Kolwezi

Mutoto wangu Ngoie, wewe unayebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi katika Bwana. Uko muzuri, mama? Mwili uko na nguvu, roho imetulia? Najua utacheka, kwa sababu nakuuliza hali na uko chumba cha pili, nasikia unagombana na mama yako juu ya ile valizi isiyotaka kufungika. Lakini tangu Siku ya Mungu umekuwa mbali na mi kuliko Lubudi yenyewe unakoenda. Unanisalimia namna mutu anasalimia polisi wa barabara, haraka, macho chini, asije akaombwa makaratasi. Basi nakuuliza kwa barua. Sisi wengine tuko wazima. Kifua changu kimenyamaza leo, namushukuru Mungu, ingawa siku hizi kikinyamaza naogopa kuliko kikisema.

Barua hii nitaiweka juu ya valizi. Utaisoma mbele ya kupanda gari ya moshi ao ndani yake, ni wewe utajua. Ninachoomba ni kwamba upande.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutokopesha nguo zako, mama yako ameyarudilia mpaka kuku wetu wameyashika. Mi sitayagusa. Ninataka turudi kwenye ule ugomvi wetu, kwa sababu tuliuacha njiani kama lori iliyopasuka gurudumu, na kila mutu alienda zake kwa miguu.

Unakumbuka. Tulikuwa tumetoka misa, bukari ilikuwa bado inatoa moshi, na mi nikasema kwa sauti ya mutu anayetangaza habari njema kwamba munganga wa moyo wa Lubumbashi ameshauri nianze na skaneri. Ukaweka tonge chini.

— Skaneri ni picha tena, baba. Picha njo ilimudanganya baba mukubwa Kasongo. Na weye unataka picha ingine?

— Picha haziko sawa, mama.

— Picha ni picha! Bakutie kale kamupira kembamba kama uzi mu mukono, baingie mpaka mu mishipa ya moyo, baone mulemule ndani, biishe. Juu ya nini unazunguka-zunguka? Sema tu unaogopa sindano.

Mama yako akaingia, naye hakuja kunisaidia.

— Ngoie, baba yako na sindano ni kesi ya zamani. Siku ya chanjo ku masomo alipitaka mu dirisha.

— Mi niliendesha lori mu mashimo ya mugodi wa Mashamba maisha yangu yote, nikasema, mashimo ambayo ukiangalia chini macho yanazunguka. Nitaogopa sindano?

— Lori haichomaka, baba!

Mama yako alicheka mpaka akajifuta macho. Mi sikucheka. Ndipo ukasema lile neno lililobaki ndani ya nyumba mpaka leo: kwamba huendi Lubudi, kwamba masomo ya Lubudi, shule iliyokupa kazi, yatafute mwalimu mwingine, kwamba utakaa hapa mpaka baba yako apimwe kipimo cha kweli. Na mi nikapiga meza na kusema kwamba katika nyumba hii mwenye moyo ni mi. Neno la upumbavu. Kila mutu katika nyumba hii ana moyo, na wa kwako ulikuwa unapiga kwa ajili ya wangu.

Ngoie, uliposema juu ya baba yako mukubwa ulisema kweli, lakini si kweli yote, kwa sababu ulikuwa mudogo na sisi wakubwa tulikuficha. Ngoja nikuambie.

Yaya Kasongo, kaka yangu mukubwa, na mi tulifanya kazi kampuni moja. Yeye alikuwa ku mashine ya kuvunja mawe, mi ku lori ya maji, ile inayomwagilia barabara ya mashimo ili vumbi lilale. Unajua maisha ya watu wa vumbi. Adui yetu alikuwa mmoja tu. Tulikohoa, ni vumbi. Tulichoka, ni vumbi. Mutu aligombana na bibi yake, tulimuambia anywe maziwa, vumbi limepanda kichwani. Na kila mwaka kulikuwa vizite, kule kupimwa na waganga wa kampuni. Tunapanga mustari vifua wazi, baridi ya asubuhi inatupiga, na mizaha.

— Kasongo, ile ni kifua ao ni mugongo?

— Hii ni kifua ya mutu mwenye akili. Ya kwako ni ya kubebea saruji.

Unasimama mbele ya mashine, unajaza pumzi, wanapiga picha ya kifua. Kisha unapata karatasi yenye neno moja, apte. Yaani unafaa kwa kazi. Mutoto wangu, lile neno tulilipokea kama vile Mungu mwenyewe ameliandika. Bibi alikuwa analiuliza mbele ya kuuliza posho. Mutu mwenye apte hakuwa na ruhusa ya kuugua.

Mwaka ule wa mwisho wa yaya, picha yake ilikuwa safi, hata doa la vumbi hakuna. Na ndani ya mwaka uleule akaanza kuniambia kwamba akisukuma kinga yake, ile baiskeli, kwenye ule mupando wa kwenda kwake, kuna kitu kinamukalia kifuani. Ni mwenyewe alisema "kunikalia", kama mutu munene juu ya kiti. Akisimama kidogo kinaondoka. Akiendelea kinarudi.

Mi ndiye nilimujibu. Si munganga, si kampuni, ni mi. Nikasema: "Yaya, picha ya kifua ilikuwa safi. Moyo hauko mu kifua? Kama ungekuwa na kitu wangeuona." Tukacheka, tukanywa. Akaenda shamba lake kuvuna mahindi, na wakamukuta ameketi kwenye mwisho wa mustari, mugongo umeegemea gunia lililojaa, kama mutu anayepumzika.

Ndiyo maana ukisema picha ilimudanganya, siwezi kukubali. Picha haikusema uongo. Ile picha ilitumwa kutafuta vumbi katika mapafu, ikatafuta, ikajibu: hakuna. Habari ya moyo hakuna mutu aliyeiuliza. Mi ndiye nilichukua jibu la swali moja nikalibandika juu ya swali lingine, na yaya yangu aliniamini kwa sababu ninapenda kusema kwa nguvu hata nisichokijua. Ile tabia bado ninayo, ulinisikia Siku ya Mungu.

Nimesimama kidogo. Nilienda kufunga mulango uliokuwa umefungwa. Siku hizi niko hivi, siwezi kukaa mahali, nashika rozari nafika katikati, nasahau ni fumbo gani, naanza tena. Mungu atanisamehe, anajua hesabu zangu hazikuwa nzuri tangu masomo.

Basi yalipoanza kwangu, unafikiri nilikumbuka yaya? Nilikunywa maziwa. Ndiyo. Mi niliyemuzika ndugu yangu nilikuwa nanunua maziwa ya unga na kuyakoroga asubuhi mama yako asione, nikajiambia ni vumbi la zamani linalotoka. Mupaka siku ile tulipokuwa tunapanda kwenda kanisani, wewe na mi, na nikainama kufunga kamba za viatu. Ulingoja, ukaniangalia, hukusema kitu. Ni juzi tu nimefahamu juu ya nini ulinyamaza. Nilikuwa nimevaa sandali.

Sasa ya munganga. Wewe ulisikia kwa mama yako nusu-nusu, na mama yako akisimulia anatangulia na bei ya tomati ya Lubumbashi. Acha nikuandikie namna ilivyokuwa.

Ni mwanamuke kijana, labda amekupita kidogo tu. Akaniuliza maumivu yanakuja wakati gani, yanakaa kiasi gani, yanaenda wapi, bega, shingo, taya. Akanipima damu, akanipima figo, akanibandika zile waya kifuani. Karatasi ya waya ikatoka nzuri. Mi nikainuka kushika kofia.

— Unaenda wapi, tata?

— Si karatasi ni muzuri?

— Karatasi inasema moyo wako ukilala kitandani unapiga muzuri. Weye unaumiaka ukilala?

— Hapana. Nikipanda.

— Basi kaa. Hatujaangalia kule unaumia.

Nikakaa. Nikamuambia: "Mama munganga, mi nataka kujua kama nitakufa."

— Ile mashine sina, akasema. Hata ku Ulaya haijafika. Tuulize kitu kidogo kuliko kile.

Akanifasiria polepole. Moyo unapeleka damu mwili wote, lakini wenyewe nao unakula, na mishipa inayoulisha ni midogo, iko juu yake kama mizizi. Mafuta na chokaa vinaweza kujishika ndani, njia inakuwa nyembamba. Ukikaa, damu inayopita inatosha. Ukipanda mulima, moyo unaomba zaidi, haupati, unalia. Akasema kuna kipimo cha kutembea juu ya mukanda unaozunguka wakiangalia moyo. Kile kinaonyesha kama moyo unakosa damu ukitumika, lakini mushipa wenyewe hakiuonyeshi. Kuna skaneri: wanatia dawa katika mushipa wa mukono, dawa inafuata damu mpaka moyoni, unasikia joto mwilini, unashika pumzi, na mashine inapiga mishipa yenyewe picha. Hapo nikauliza swali lako, Ngoie, mbele hujaniuliza:

— Na kama ile picha nayo haioni?

— Inaweza kutokuona. Kama chokaa ni mingi mu mishipa, inang'aa kupita kiasi, inaficha njia. Ao kama moyo unakimbia, picha inatoka na mawimbi. Ile tutakupa kidonge cha kuutuliza. Lakini ikituonyesha mishipa iko wazi, ile jibu ni ya kuaminika, tutatafuta maumivu yako kwingine.

— Na kamupira?

— Kamupira kanaona kushinda byote. Na kama njia imefungwa banaweza kuifungua palepale. Lakini, tata, banaingia ndani mwako. Mara haba mushipa unaumia, damu inatoka, na mara haba zaidi mutu anapata kiharusi juu ya meza. Ile hatari tunaibeba kama kuna sababu. Sababu haiko woga wa familia.

— Kama ningekuwa baba yako?

Akacheka.

— Baba yangu angekuwa amekwisha kukimbia. Lakini ningemukamata, ningeanza naye ku skaneri. Haiko juu ya kwamba ni laini. Ni juu ya kwamba maumivu yako inakuja na mupando tu, inaenda na kupumzika, haijaongezeka, moyo wako unasukuma muzuri, figo zako zinaweza kubeba ile dawa. Siku maumivu itakuja ukiwa umekaa, ao itakataa kuondoka, usingoje rendez-vous wala tarehe ya mutu yeyote, usingoje asubuhi, kimbia lopitali. Pale maneno ya kuchagua yamekwisha.

Njo vile alivyosema. Na sasa nakuambia kile sijamuambia hata mama yako. Aliposema "tuanze na skaneri", nilifurahi. Nilifurahi kama mutoto anayesikia mwalimu wa hesabu ni mugonjwa. Na ile furaha ndiyo inanisumbua tangu siku ile, ndiyo inanifungisha milango iliyofungwa. Nilijiuliza: nimechagua kwa sababu inafaa, ao kwa sababu haiingii ndani? Kama munganga angesema kamupira leo, ningekaa ao ningeshika kofia? Nilimuomba Mungu anijibu, sikusikia kitu isipokuwa mbwa wa jirani.

Ulipopaza sauti mezani, hukunikosea. Ulitia kidole palepale. Mutu akiguswa kidonda anapiga meza.

Nimegeuza, nimegeuza, na hapa ndipo nimefika. Woga uko, siwezi kuutoa. Lakini woga na haki vinaweza kushika njia moja siku moja. Sindano ninaiogopa, na tena skaneri ndiyo inafaa kuanzia; vyote viwili ni kweli. Wewe kwa upande wako unataka kamupira kwa sababu ya baba yako mukubwa. Unataka safari hii tusikose hata kidogo, basi unataka kipimo kikubwa kuliko vyote. Nakuelewa, mama. Lakini ile nayo ni woga, imevaa tu nguo za ujasiri. Yaya hakukosa kipimo kikubwa. Alikosa mutu wa kumuambia: maumivu haya hatujayauliza, twende tuyaulize.

Mutihani wa woga wangu utakuja kisha ya skaneri. Kama picha itaonyesha njia nyembamba ya hatari, ao kama chokaa itaficha na munganga hataona vizuri, yeye alisema itabidi kamupira, na ile hawaifanyi hapa, ni kuvuka mupaka. Aliniuliza: "Utakubali?" Nikajibu ndiyo. Nilijibu haraka kupita kiasi, na sikumuambia mutu nyumbani, kwa sababu ndiyo isiyo na mushuhuda ni rahisi kuimeza. Sasa nimeiandika na mukono wangu: nitakubali. Umeisoma, huwezi kusema hukuisoma. Siku nitaanza kusema habari ya mvua, ya barabara mbaya, ya kwamba najisikia vizuri kushinda zamani, unirudishie neno hili bila huruma.

Utasema: kama unataka mushuhuda, acha nibaki. Hapana, Ngoie. Na sisemi hapana juu ya masomo ya Lubudi peke yake, ingawa directrice, mukubwa wa masomo, alisema wazi kwamba hatangoja na wale batoto hawana mwalimu. Ninasema hapana kwa sababu mbele yako nadanganya. Sandali ni mufano mmoja. Munganga aliniambia kwamba yeye anachagua kipimo kwa kufuata namna maumivu yanavyokuja. Nikimupa habari ya uongo, atachagua kipimo cha mutu mwingine. Na ukiwa umekaa pale pembeni ya baba yako, na macho yale ya mama yangu, akiniuliza "umeumia mara ngapi?" nitasema "haba, haba sana." Ninajijua. Baba hapendi mutoto aone anavyofungwa pumzi.

Nitaenda na mama yako. Huyo siwezi kumudanganya, na nikijaribu hatanyamaza. Tayari safari ya kwanza nilisema kwamba ninasimama mara moja tu kwenye mupando, akanikata kauli mbele ya munganga: "Anasimama ku kila nyumba, docteur, watu wanafikiri ni wakala wa umeme." Yule ndiye ninamuhitaji kwa skaneri. Wewe ninakuhitaji Lubudi, umesimama mbele ya ubao, nikijua kwamba ugonjwa wangu haukuchukua kitu chako.

Kuna kitu kingine naona haya kukiandika. Ukibaki, na skaneri ikatoka nzuri, utakuwa umepoteza kazi bure, na nitakuona kila asubuhi unafagia kiwanja. Ukibaki, na ikatoka mubaya, utaanza kufikiri kwamba ni kubaki kwako kulikonisaidia, na hutaondoka tena. Njia zote mbili ni mimi ninakufunga wewe. Sitaki.

Sikuahidi kwamba yatakuwa mazuri. Munganga hakuniahidi, na Mungu naye, nikimusikiliza vizuri, hajaniahidi ile. Ameniahidi tu kwamba hataniacha njiani. Mara ninaamini, mara ninainuka kwenda kufunga mulango.

Skaneri ni juma linalokuja. Mbele ya siku ile ningependa kushika mukononi neno kutoka kwako, limeandikwa Lubudi, na wewe uko Lubudi. Usiniandikie kwamba umenisamehe kama bado. Niandikie tu kama ulipanda gari, kama umeona batoto wako wa darasa, na kama siku ile nikienda kulala chini ya ile mashine bila wewe, utakuwa na hasira ao hapana. Hata mistari miwili inatosha.

Jibu upesi, mama.

Ni mi baba yako,
Ilunga